Siku ya Tatu ya Mgeni

Methali ya mgeni tunaijua sote: siku mbili hulishwa, siku ya tatu hupewa jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha mwaka 1962 alipokuwa akifafanua maana ya Ujamaa, na wengi wetu tumezoea kuisikia kama karipio kwa mvivu. Ina upande mwingine ambao karipio limeufunika. Anayepewa jembe ameingia katika hesabu ya nyumba. Ana shamba la kuendea asubuhi, ana fungu lake mavuno yakiletwa, na jioni watu wakiketi kuzungumza hakatazwi kutia neno. Anayeendelea kulishwa siku ya nne, ya tano na ya thelathini amebaki mgeni, na mgeni hata apendwe vipi hawezi kuinuka kuuliza chumvi imewekwa wapi.

Kipimo hiki kinafaa kwa jambo ambalo makanisa hulifanya sana na kulichunguza kidogo: kuwasaidia watu wasio na makazi na wale walioelemewa na maisha. Tangu karne za mwanzo, jumuiya za Kikristo zimekuwa hodari wa siku mbili za kwanza. Siku ya tatu ndipo zinapokwama. Pale zilipovuka, zilimpa aliyekuja na njaa vitu vitatu kwa pamoja: kazi, mlango anaoufunga kwa ufunguo wake mwenyewe, na kauli katika mambo ya nyumba. Kimoja kikikosekana, vile viwili vilivyobaki huanza kuoza.

Ustadi wa siku mbili za kwanza usidharauliwe. Mnamo mwaka 362 Kaisari Juliano, aliyetaka kuirudisha dola ya Kirumi kwenye miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba Wakristo walikuwa wakiwalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia, huku watu wa miungu wakitazama tu. Sifa inayotoka kinywani mwa adui ina uzito wake. Miaka michache baadaye, baada ya njaa kali iliyoipiga Kapadokia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, Askofu Basili wa Kaisaria alijenga nje ya mji wake majengo ya kupokea wasafiri, wagonjwa, wakoma na mafukara. Rafiki yake Gregori wa Nazianzi aliyaita mji mpya. Hospitali za misheni na vituo vya yatima tunavyovijua Afrika Mashariki ni wajukuu wa majengo yale.

Wala haihitajiki kurudi mbali hivyo. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa na takriban 600,000 walikimbia makwao. Tarehe 1 Januari 2008, si mbali na Eldoret, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Wakati huohuo, mjini Eldoret kwenyewe, uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu ulikuwa umejaa maelfu ya waliokimbia, na milango haikufungwa ingawa habari za Kiambaa zilikuwa zimekwisha kufika. Wapo wanaosema sahani ya chakula haiondoi umaskini, na wanasema kweli. Lakini mtu ambaye hajala tangu jana huwezi kumweleza mpango wa miaka mitano. Sahani kwanza. Shida huanza dharura inapozoeleka, uji wa Jumamosi moja unapogeuka kuwa uji wa Jumamosi zote, wapishi walewale, wanywaji walewale, miaka inapita na hakuna aliyemuuliza mnywaji jina la baba yake.

Kwa nini jumuiya yenye nia njema isimame hapo? Jibu la haraka ni uchache wa fedha. Mimi naona jibu liko zaidi katika namna jumuiya zenyewe zilivyoundwa, na hakuna mfano ulio karibu nasi kuliko Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wakiwa wamekusanyika Nairobi katika mkutano wa AMECEA, waliazimia kwamba jumuiya hizi ziwe msingi wa kazi yote ya kichungaji. Ni mpango wenye akili nyingi. Familia za mtaa mmoja hukutana kila wiki, husoma Injili, huchanga kidogo kwa ajili ya mgonjwa, msiba au mtoto aliyerudishwa shuleni kwa kukosa ada. Hakuna ofisi, hakuna fomu, hakuna afisa wa miradi. Mwenyekiti anajua nani hajawasha moto tangu juzi kwa sababu anaishi nyumba ya pili. Ibada za nyumba kwa nyumba za Walutheri zina sura hiyohiyo na nguvu hiyohiyo.

Ila jumuiya ya namna hii imejengwa juu ya anwani. Sala huzunguka kwa zamu: wiki hii kwa mama huyu, wiki ijayo kwa mzee yule. Mpangaji akitolewa chumbani kwa kushindwa kodi ya pango, anahama mtaa, anatoka kwenye orodha, na katika parokia nyingi kutoka kwenye orodha kuna gharama kubwa, maana uthibitisho wa jumuiya ndio unaodaiwa wakati wa kubatiza mtoto, kufunga ndoa na hata kumwita padri mazikoni. Basi siku ile mtu anapoihitaji jumuiya kuliko siku zote ndiyo siku anayoipoteza. Na yule anayelala kibarazani mwa kanisa lenyewe hana jumuiya kabisa. Jumuiya humkumbuka Kwaresima na Krismasi, humletea blanketi na unga wa uji. Yumo kwenye bajeti, hayumo kwenye zamu. Sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo. Imekuwa hivyo kwa sababu hakuna aliyejiuliza ratiba inayosafiri kutoka sebule hadi sebule itampitia vipi asiye na sebule.

Mfano wa kuvuka siku ya tatu ulitokea Ufaransa mwaka 1949. Padri Henri Grouès, aliyejulikana kama Abbé Pierre na ambaye wakati huo alikuwa mbunge, alikuwa na nyumba kubwa iliyochakaa huko Neuilly-Plaisance, karibu na Paris. Alipokutana na mfungwa wa zamani aliyejaribu kujiua, hakumpa pesa wala mahubiri. Alimwambia kwamba hana cha kumpa, ila anahitaji mtu wa kumsaidia kuzijengea nyumba familia zisizo na makazi. Mtu yule akakubali, na ndipo ulipoanzia umoja wa Emmaus. Padri alipoukosa ubunge mwaka 1951 na mshahara ukakatika, wanajumuiya waligeukia majalala: vyuma chakavu, makaratasi, matambara, samani mbovu za kukarabati na kuuza. Kanuni yao ikawa kula jasho lao na kutoa kinachobaki kwa walio chini yao zaidi. Leo Emmaus iko katika nchi zaidi ya 30. Kinachonivutia hapo ni mpangilio: yule aliyekuja akiwa wa kusaidiwa aliitwa tangu saa ya kwanza kama msaidizi.

Nairobi ilipata wazo la ukoo huo mwaka 1973, Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alipoanza kazi na vijana waliokuwa wakiwaongoza wenye magari kuegesha ili wapate senti. Mji uliwaita kwa jina la Kiingereza lililotokana na maegesho, baadaye ukawaita chokoraa, jina linalomfanya mtu awe kitu cha kuchokora. Grol aliliita shirika lake Undugu. Lilianzisha shule ya kufupisha masomo ya msingi kwa waliopitwa na umri, kisha ufundi. Neno undugu lina madai ambayo neno msaada halina. Ndugu ana haki ya kuja usiku, ana haki ya kukasirika, na mali ya ukoo inamhusu.

Lakini ushahidi mzito kuliko yote uko Tanzania, na nashangaa jinsi usivyotajwa makanisani. Mkimbizi ni mtu aliyepoteza nyumba na nchi kwa mpigo mmoja. Mwaka 1972, mauaji yalipowatimua Warundi kwa makumi ya maelfu, serikali ya Tanzania iliwapa ardhi kule Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilileta fedha, na kazi yenyewe ya kupima vijiji, kuchimba visima, kugawa mbegu na kujenga shule ilisimamiwa na TCRS, chombo cha kuhudumia wakimbizi kilichoundwa mwaka 1964 kwa nguvu za Walutheri wa dunia na makanisa ya Tanzania. Posho ya chakula ilitolewa mpaka familia zivune. Baada ya hapo walijilisha, wakauza ziada ya mazao yao, wakalipa kodi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walipokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Methali ilitekelezwa neno kwa neno: siku mbili, kisha jembe, kisha wakawa wenyeji. Linganisha na Nyarugusu, kambi ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996, ambako watu wamezaliwa, wakaoa na kuzika wakiishi kwa mgawo ambao hupunguzwa kila wahisani wanapochoka. Watu ni walewale wa Maziwa Makuu, na makanisa yamefanya kazi kote kuwili. Tofauti ni jembe, na ardhi ya kulitumia.

Hapo msomaji mwangalifu atanizuia, na ana haki. Jembe limewahi kuwa fimbo. Sheria ya maskini ya Uingereza ya 1834, iliyotungwa katika nchi iliyojiita ya Kikristo, ilimtaka fukara aingie kwenye nyumba za kazi alimotenganishwa na mkewe na watoto, apewe kazi ngumu kwa makusudi ili wengine waogope kuomba. Jenerali William Booth wa Jeshi la Wokovu alipoandika mpango wake mkubwa wa 1890, uliotoa shamba la Hadleigh huko Essex mwaka uliofuata, alikuwa na huruma ambayo sheria ile haikuwa nayo, lakini naye aliweka chakula na kitanda upande mmoja na kazi upande wa pili, kama mizani ya duka. Hata Emmaus haikusalimika. Mwaka 2023 wanajumuiya wasio na hati za ukaazi katika baadhi ya jumuiya za kaskazini mwa Ufaransa waligoma, wakidai kwamba walifanyishwa kazi kwa ahadi ya karatasi ambazo hazikuja. Pingamizi hili sikusudii kulizima. Linanisaidia kuieleza hoja. Mwenye nyumba akikupa jembe nawe huna fungu katika mavuno wala ruhusa ya kuondoka, umekuwa kibarua wa bure, hata kama asubuhi mnaanza kwa sala. Katumba nayo ilikuwa na doa hilo: kwa miaka mingi mkazi alihitaji kibali ili atoke nje ya makazi. Uraia ndio uliolifuta.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wako wasioweza kushika jembe. Kati ya watu wanaolala nje wapo wenye maradhi ya akili, wapo walionaswa na pombe, gundi au heroini, wapo wazee. Ukimwambia mtu wa hali hiyo kwamba atapata chumba akishaacha pombe na kuhudhuria ibada miezi sita, umemwambia apone kwanza ndipo umpeleke hospitali. Vituo vingi vya Kikristo, vya kwetu na vya Ulaya, vimekwenda kwa ngazi za namna hiyo: kitanda cha ukumbini, kisha chumba cha pamoja, kisha, kwa wachache waliofaulu, nyumba. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliigeuza ngazi hiyo juu chini huko New York: nyumba kwanza, bila masharti ya kupona, na huduma zimfuate mtu nyumbani kwake. Kanada ikaupima mpango huo kati ya 2009 na 2013 katika miji 5, kwa watu takriban 2,000 wenye maradhi ya akili, wakigawanywa kwa kura ili ulinganisho uwe wa haki. Waliopewa nyumba kwanza walidumu ndani ya nyumba kwa muda mrefu zaidi, kwa tofauti kubwa, kuliko waliofuata ngazi ya zamani. Finland iliufanya kuwa sera ya taifa mwaka 2008. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na zaidi ya watu 15,000 wasio na makazi. Kufikia mwaka 2023 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 4,000.

Jambo la Finland linalotuhusu hapa ni lile la Jeshi la Wokovu lenyewe. Kwenye mtaa wa Alppikatu, Helsinki, lilikuwa na bweni la zamani lililoweza kulaza wanaume 250 kwa usiku mmoja. Jengo lilivunjwavunjwa ndani na kugeuzwa kuwa vyumba takriban 80, kila kimoja na jiko, bafu na mkataba wa kupanga. Kwa hesabu ya sahani na vitanda, kazi ya Jeshi ilipungua hadi chini ya theluthi. Kwa hesabu ya watu waliotoka ugenini, huenda haijawahi kuwa kubwa hivyo. Hili ndilo linalonifanya nitaje mlango sambamba na jembe: kwa aliye mzima, kazi inaweza kutangulia chumba, kwa aliyevunjika, chumba hutangulia, na kazi yake ya kwanza yaweza kuwa kupika chai yake mwenyewe. Hapa namkumbuka Dorothy Day, aliyeanzisha na Peter Maurin harakati ya Wafanyakazi Wakatoliki huko New York mwaka 1933. Nyumba zake za ukarimu zilipokea watu ambao kila mtu alijua hawatafanya kazi tena maishani, naye akaishi humohumo pamoja nao hadi kifo chake mwaka 1980. Wapo wanaomtumia kama ushahidi kwamba hisani ya kweli haidai chochote. Sawa. Lakini watu wale hawakuwa wakipewa sahani dirishani na kuondoka. Walikaa meza moja na mwenye nyumba mpaka wakazeeka.

Inabaki kauli, ambayo ndiyo husahaulika, na ambayo kukosekana kwake hugharimu kuliko vyote. Mwezi Julai 2024 Emmaus yenyewe ilichapisha ripoti yenye ushuhuda wa wanawake 7 waliomtuhumu Abbé Pierre, aliyefariki mwaka 2007, kwa udhalilishaji wa kingono. Septemba shuhuda zikaongezeka, na taasisi ya makazi iliyobeba jina lake ikalibadili jina hilo. Padri yuleyule aliyemwita mfungwa kuwa msaidizi. Mtu anaweza kusema huo ni uovu wa mmoja, usitiwe kwenye mizani ya kazi nzima. Nadhani kazi nzima ndiyo inayoeleza kwa nini uliweza kudumu miaka mingi namna ile. Mahali ambapo kila mtu anakula kwa jina la mtakatifu aliye hai, nani atamshtaki mtakatifu? Aliyepewa kitanda kwa hisani hupima neno lake mara kumi kabla ya kulitamka, maana anajua kitanda kinaweza kuondoka. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia jinsi Kanisa la kwanza lilivyokabili jambo la jinsi hii. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuongeza mikate. Waliagiza wachaguliwe wasimamizi 7, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Ghala likakabidhiwa upande wa walalamikaji. Ni kamati ngapi za misaada za parokia na sharika zetu zina mjumbe mmoja tu aliyewahi kulala nje?

Iko hoja ya mwisho, kwamba haya yote ni wajibu wa serikali na makanisa yanapoteza muda kuziba pengo lake. Hesabu zinaiunga mkono kwa sehemu. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2018 iliwakuta watu 46,639 wa familia za mitaani nchini Kenya. Hakuna harambee ya kununua milango 46,639. Mwaka 2021 ubomoaji katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, uliyaacha maelfu ya familia bila paa, na Mei 2024, baada ya mafuriko, tingatinga zikapita kwenye kingo za mito ya Nairobi. Asubuhi moja ya tingatinga hufuta miaka mingi ya kazi ya kanisa. Lakini serikali zetu zikiachiwa watu wa mitaani peke yao, tunajua zinavyowashughulikia: misako ya kuwaondoa ombaomba, ambayo Dar es Salaam na Nairobi zimeishuhudia mara nyingi, lori linawapakia leo na wiki ijayo wamerudi. Kanisa lina kitu ambacho ofisi haina, yaani watu wanaowajua wanaolala nje kwa majina. Ujuzi huo ukibaki jikoni unapika uji tu. Tarehe 1 Februari 1954, katika baridi kali, Abbé Pierre aliutoa ujuzi wa namna hiyo redioni: mwanamke ameganda na kufa barabarani mjini Paris, mkononi ana karatasi ya kufukuzwa chumbani. Misaada ilimiminika, ndiyo. Ila kilichodumu ni sheria ya 1956 inayokataza kuwatoa wapangaji majumbani wakati wa baridi. Inatumika hadi leo, na kwa maoni yangu imewaepusha watu na barabara kuliko blanketi zote za usiku ule. Kwetu, neno la askofu kabla ya tingatinga kuwashwa lina thamani kuliko magunia ya unga yatakayofuata.

Sheria huchukua miaka, na jumuiya inakutana wiki hii. Parokia zinaweza kuamua kwamba aliyefukuzwa chumbani haondolewi kwenye orodha mpaka yeye mwenyewe aseme amejiunga kwingine, na kwamba kamati ya huruma haikamiliki bila mtu aliyewahi kula chakula chake. Viongozi wa jumuiya wanaoandika ratiba ya miezi mitatu ijayo wanaweza kuanza na dogo kuliko hayo: waandike jina la yule anayelala kanisani, na kwenye safu ya mahali pa kukutania, mbele ya jina lake, waandike kibarazani.